Kagua Kabla Hujafukia: Kuchagua Ukaguzi na Dhamana ya Nyumba Unayoijenga Mwenyewe

Shimo la kwanza kwenye kiwanja changu lilikuwa mtaro wa msingi. La pili lilichimbwa miezi mitano baadaye, pembeni ya ukuta uliokwisha kufika kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Mkaguzi wa kampuni ya dhamana, ile bima inayolipia kasoro za ujenzi zikijitokeza baadaye, alisimama pale na daftari lake, akaelekeza kalamu kwenye kona moja ya nyumba, akaniuliza: "Msingi wa hapa umekalia udongo gani, na nani aliuona kabla ya zege?"

Kina cha mtaro nilikijua, maana nilishika futi kamba mwenyewe. Aliyeuona udongo hakuwepo. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa ya kukodi, ilitakiwa kurudi Jumamosi usiku, na mkaguzi wetu alikuwa aje Jumatatu. Fundi akaniambia, "Mama, udongo huu ni mgumu, tusipoteze siku mbili." Nikakubali. Picha hata moja sikupiga.

Kwa hiyo tulifukua. Sehemu kubwa ya mtaro ilikuwa salama, lakini kwenye kona ile zege lilikuwa limekalia udongo mweusi wenye vipande vya matofali na majivu. Palikuwa na shimo la taka la zamani, limefukiwa kabla sijanunua kiwanja. Ilibidi tuchimbe chini ya msingi kipande kwa kipande, kila kipande kisizidi mita moja, tujaze zege hadi kufikia udongo wa asili, tusubiri likomae, ndipo tuhamie kipande kinachofuata. Kazi ya saa mbili mtaro ukiwa wazi ikawa kazi ya wiki tatu ukuta ukiwa umesimama juu yake.

Tangu hapo ndugu na marafiki wanaotaka kujenga huja kuniuliza, na huwaambia neno hili kabla ya mengine yote: ukaguzi na dhamana huchaguliwa kabla ya jembe la kwanza. Ukianza kuvitafuta nyumba ikiwa imeezekwa, unamwomba mtu aweke sahihi juu ya vitu asivyoweza kuviona.

Watu watatu, kazi tatu tofauti

Kinachowachanganya wengi ni kudhani mkaguzi ni mkaguzi. Kwenye nyumba ya kujijengea wanaweza kufika watu watatu, kila mmoja na bosi wake.

Wa kwanza ni mkaguzi wa mamlaka ya ujenzi. Huyu anaangalia kama jengo linafuata sheria: uimara, moto, hewa, maji taka, njia za kutokea. Anakuja kwenye hatua zilizopangwa, anatazama kinachoonekana siku hiyo, anaandika. Cheti chake ni cha lazima, tena bila hicho milango mingi itafungwa mbele yako baadaye. Ila kazi yake si kukuhakikishia kwamba lipu ni nzuri, na msingi ukizama mwaka wa nne cheti hicho hakitakulipa chochote.

Wa pili ni mhandisi wako wa miundo, unayemlipa wewe. Hapa ndipo watu wengi hubana pesa mahali pasipofaa: wanamlipa mhandisi achore, kisha wanaagana naye. Mchoro ni nusu ya huduma yake. Nusu ya pili ni kuja kuona kama nondo zilizowekwa ndizo alizochora, na kama udongo uliopatikana ndio aliouwazia alipopiga hesabu. Mkataba wake uandikwe kwa idadi ya ziara na hatua zenyewe. Maneno kama "atasimamia inapohitajika" yakatae, kwa sababu atakayeamua kwamba inahitajika ni fundi mwenye haraka.

Wa tatu ni mkaguzi wa kampuni ya dhamana. Anaifanyia kazi bima, na anachopima ni hatari: uwezekano wa kampuni yake kulipa fidia kwa jengo hili ndani ya miaka kumi ijayo. Ndiyo maana mara nyingi huwa mkali kuliko wa mamlaka kwenye unyevu, paa na msingi, kwani huko ndiko madai hutokea. Ukali wake ni faida kwako. Kampuni nyingine hutoa huduma zote mbili, ya sheria na ya dhamana, kwa ziara moja. Hilo hupunguza usumbufu na silipingi, mradi ripoti zitenganishwe, ili ujue kipi kimekubaliwa kisheria na kipi kimekubaliwa kwa ajili ya bima.

Kuna pia mtu wa nne, anayeitwa mwishoni kutazama nyumba iliyokamilika: milango inayogoma, vigae vilivyo na uwazi chini yake, rangi iliyoruka. Mwite ukipenda, anasaidia. Lakini usimhesabu miongoni mwa wale watatu, kwa sababu nondo hazioni, msingi hauoni, na bomba lililo chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, halioni.

Anza na udongo, hata kabla ya mchoro

Ningekuwa na fedha ya ukaguzi mmoja tu katika nyumba nzima, ningeiweka hapa. Chimba mashimo ya majaribio kabla mhandisi hajachora msingi: moja kila kona ya nyumba itakapokaa na moja katikati, yapite kina unachotarajia cha msingi. Mwite aje ayaone yakiwa mabichi, kabla mvua haijaingia.

Anatafuta vitu vitatu. Kwanza, kifusi: udongo uliomwagwa na binadamu, ambao hujitambulisha kwa rangi za mchanganyiko, vipande vya matofali, plastiki, majivu. Pili, maji yanayochuruzika ndani ya shimo. Tatu, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Huu wa tatu huwa mbaya zaidi penye miti mikubwa, kwa kuwa mizizi hunyonya maji upande mmoja wa nyumba na kuuacha mwingine. Pia mti mkubwa ukikatwa karibu na mfinyanzi, udongo unaweza kuendelea kuvimba kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mweleze mhandisi miti yote, iliyopo na iliyokatwa. Mimi nilikata miwili, sikumwambia mtu, mpaka aliponiuliza juu ya visiki.

Kipimo kimoja rahisi nilichojifunza kwa yule mkaguzi: chukua nondo ya milimita 12, isukume kwa mkono kwenye sakafu ya mtaro, kila baada ya mita moja. Ikigoma kila mahali halafu sehemu moja ikadidimia, hapo simamisha kazi, mwite mhandisi. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya uchunguzi wa kitaalamu, lakini kingeokoa kona yangu.

Hatua ambazo hazirudiwi

Unapozungumza na mkaguzi yeyote, mpe orodha yako ya hatua uone kama ziara zake zinazifikia. Kanuni yangu ni moja: kila kitu kitakachofunikwa kionwe kabla ya kufunikwa.

Mtaro wa msingi ukiwa wazi, mkavu, umesafishwa udongo uliomomonyoka. Hapa wote watatu wanahusika, na ukiweza wakutanishe siku moja. Nilifanya hivyo kwenye nyumba ya dada yangu, nikaona tofauti: mkaguzi wa dhamana alitilia shaka sehemu moja, mhandisi akaamua palepale kuongeza kina kwa sentimita 30, wa mamlaka akaandika mabadiliko. Robo saa, kazi ikaendelea.

Kisha nondo, kabla ya zege. Hii ndiyo ziara inayorukwa sana kuliko zote, kwa kuwa fundi akishafunga nondo anataka kumwaga siku hiyohiyo. Vitu vya kutazama vinahesabika hata kwa macho yako. Unene wa nondo na idadi yake vilingane na mchoro. Nafasi kati ya ringi na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo, ipimwe, hasa karibu na maungio ya nguzo na bimu, ambako mchoro kwa kawaida hutaka zisogeleane zaidi. Mahali nondo mbili zinapopokezana, urefu wa kupishana huandikwa kwenye mchoro. Mara nyingi huwa kati ya mara 40 na 50 ya unene wa nondo, maana yake nondo ya milimita 12 ipishane kama sentimita 48 hadi 60. Nimeona mapishano ya shubiri moja, yamefungwa waya vizuri kabisa, yakipendeza macho, na hayafai.

Halafu nondo zisilale chini. Lazima ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege, vile mafundi wengine huviita biskuti, ili zege lizizunguke pande zote. Kwa msingi unaomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, tabaka la zege chini ya nondo linalotakiwa kwa kawaida ni milimita 75. Likiwa jembamba, unyevu wa ardhini huifikia nondo, kutu huvimba, zege hupasuka kutoka ndani. Usikubali mawe au vipande vya matofali kuwekwa badala ya biskuti. Tofali hunyonya maji na kuyapeleka kwenye nondo.

Siku ya zege lenyewe, kipimo cha haraka ni kile cha koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300. Hujazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likichomwa kwa fimbo mara 25, kisha koni huinuliwa na kuangaliwa zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango cha mchoro, maji yamezidi. Na maji yakizidi nguvu hupungua, hata kama mifuko ya simenti imehesabiwa sawasawa. Mafundi hupenda zege la majimaji kwa sababu halichoshi kusambaza. Hapo simama imara. Pia jaza zege kwenye vibao vya umbo la mchemraba wa milimita 150, kisha vipande vya zege vitakavyotoka vihifadhiwe kwenye maji na vipelekwe maabara. Nguvu rasmi husomwa siku ya 28, lakini kipande cha siku ya 7 hukupa dalili, kwa kuwa zege la kawaida huwa limekwisha fikia takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo. Karatasi hizo za maabara ziweke kama unavyoweka hati ya kiwanja.

Baada ya msingi huja kifusi cha ndani na jamvi. Kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka. Kikimwagwa chote na kushindiliwa juu tu, jamvi litabaki linaning'inia. Karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu iangaliwe kabla ya jamvi: maungio yapishane na kubandikwa, isiwe na matundu, na iungane na tabaka la kuzuia unyevu la ukutani. Tabaka hilo la ukutani likae angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje iliyokamilika. Nasema iliyokamilika kwa sababu watu hupima vizuri, kisha miezi minane baadaye wanainua ua kwa vigae na kulifukia.

Mabomba ya maji taka yajazwe maji na kuachwa kabla ya kufukiwa. Kina cha maji kikishuka, kuna ungio linalovuja. Mteremko upimwe pia. Kwa bomba la milimita 100, 1 kwa 40 ni mteremko wa kawaida, yaani lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za urefu.

Kuta sina mengi: timazi, pima maji, na lenta zikalie ukuta vya kutosha kila upande, milimita 150 ni kipimo kinachokubalika sana. Umeme upimwe na fundi mwenye leseni na akupe karatasi ya vipimo vyake.

Paa likaguliwe kabla ya dari. Simama chini ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, tazama juu: je, ukuta umefungwa na mbao za paa kwa mikanda ya chuma, au uzito wa paa ndio unaotegemewa? Upepo mkali huinua paa, kwa hiyo uzito peke yake hautoshi. Je, kuna mbao za mshazari zinazozuia kenchi zisilale kama kadi? Dari ikishapigwa, maswali haya yote hayana jibu.

Kumchagua mkaguzi

Usiulize kwanza anatoza kiasi gani. Omba ripoti ya nyumba nyingine aliyoikagua, majina yamefutwa, uisome yote. Ripoti nzuri ina tarehe, saa, picha, vipimo, na sentensi za aina hii: "Nafasi ya ringi kwenye nguzo ya tatu ni sentimita 25, mchoro unataka 15, irekebishwe kabla ya zege." Ripoti mbaya inasema "kazi inaridhisha". Neno "inaridhisha" halitakusaidia mbele ya bima wala mbele ya mahakama.

Uliza nani hasa atakuja. Kuna kampuni zinazoleta mhandisi mwenye mvi siku ya kusaini, kisha zinatuma kijana wa mafunzo siku ya nondo. Uliza anataka taarifa ya saa ngapi kabla. Wengi husema 48, na hizo uziweke kwenye ratiba ya fundi tangu mwanzo. Ratiba yangu haikuwa na saa hizo, na ndipo Jumamosi yangu ilipozaliwa. Uliza ziara ya marudio, baada ya kukosolewa, inalipiwa na nani. Uliza kama ana bima ya taaluma yake, na uombe kuona cheti cha mwaka huu.

Mkaguzi aliyeletwa na fundi wako, mkatae kwa adabu. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini mkate wake unatoka upande ule, na siku atakapotakiwa kusema "vunjeni" itakuwa vigumu kwake. Vilevile malipo yake yasitegemee kama kazi imepita. Mlipe kwa ziara.

Na ukimpata, mpe nguvu. Kwenye mkataba wa fundi andika kwamba malipo ya kila hatua hutoka baada ya ripoti ya hatua hiyo kusainiwa, na kwamba kitu kilichofunikwa bila kukaguliwa kitafunuliwa kwa gharama ya aliyekifunika. Fundi wangu wa kwanza aliuona mstari huo kama kutoaminiwa. Fundi wa dada yangu alisaini bila neno, akasema, "Dada, hata mimi napenda mtu aione kazi yangu kabla haijafukiwa."

Kuisoma dhamana

Dhamana ya jengo ni bima. Inalipa gharama ya kutengeneza uharibifu wa muundo unaotokana na kasoro iliyokuwemo tangu ujenzi, ikajitokeza baadaye. Haifanyi kazi ya bima ya wakati wa ujenzi, ile inayolipa wizi wa nondo, moto, au upepo kuangusha ukuta mbichi. Hizo ni mbili, unazihitaji zote, na zisiwe na pengo la siku kati yake.

Pia isichanganywe na barua ya mtaalamu. Msanifu au mhandisi anaweza kusaini cheti kwamba alisimamia. Uingereza, kwa mfano, cheti cha aina hiyo hudumu miaka 6, na ili ulipwe ni lazima uonyeshe kwamba aliyekisaini alizembea. Bima ya muundo haihitaji umthibitishie mtu uzembe; unaonyesha uharibifu na kwamba unatokana na kasoro inayolindwa. Kwa anayeishi kwenye nyumba inayopasuka, tofauti hiyo ni miaka ya kesi.

Ili kuelewa dhamana inavyopaswa kuwa, mimi hutumia mpangilio wa Ufaransa kama rula ya kupimia, hata kwa mtu aliye mbali na huko. Sheria yao ya 1978 iliweka ngazi tatu: mwaka 1 wa mjenzi kurekebisha kasoro zinazoripotiwa, miaka 2 ya vifaa vinavyoweza kutenganishwa na jengo, na miaka 10 ya uharibifu unaohatarisha uimara wa jengo au kuifanya nyumba isifae kwa kazi yake. Na anayeuza nyumba aliyoijenga mwenyewe huhesabiwa huko kama mjenzi mbele ya mnunuzi. Sasa chukua dhamana uliyopewa, uiulize: ngazi zipi zimo? Ukijijengea, ngazi ya kwanza mara nyingi haimo, kwa sababu mjenzi wa kurekebisha ni wewe. Hiyo maana yake mikataba yako na fundi wa paa, fundi bomba na fundi umeme ndiyo ngazi yako ya kwanza, na iandikwe hivyo.

Halafu nenda kwenye ukurasa wa maana za maneno kabla ya ukurasa wa ahadi. Tafuta "uharibifu mkubwa" umeelezwaje. Baadhi ya dhamana hulipa pale tu uimara unapokuwa hatarini. Nyingine hulipa pia maji yakipenya kwenye paa au ukuta. Hiyo ya pili ina thamani kubwa zaidi, maana nyumba nyingi husumbuliwa na maji kuliko kuanguka. Soma vilivyotengwa: nyufa za kukauka, jasho la kuta, uchakavu, kukosa matunzo karibu kila mara vimo, na ni haki. Lakini kama wametenga "kasoro za usanifu" au "kazi iliyofanywa na mwenye nyumba kwa mikono yake", simama. Mimi nilijenga ukuta wa ndani na kuweka vigae mwenyewe. Niliuliza kwa barua kazi hizo zinahesabiwaje, nikajibiwa kwa barua, na barua hiyo ipo kwenye jalada.

Kikomo cha malipo kilingane na gharama ya kuijenga upya nyumba nzima, pamoja na kubomoa, kuondoa kifusi na ada za wataalamu. Usiandike gharama uliyotumia, kwani ulipojenga mwenyewe jasho lako halikuwa na risiti. Siku ya janga utalipa watu. Angalia kama kikomo hupanda kila mwaka na bei za ujenzi. Kikibaki palepale, mwaka wa tisa kitakuwa kimeliwa. Sehemu utakayobeba mwenyewe kwa kila dai nayo isomwe kwa makini: ni kwa kila dai, au kwa kila kasoro? Nyufa kumi zikihesabiwa kasoro kumi, utabeba mara kumi.

Uliza nani anabeba hatari. Jina lililo kwenye karatasi linaweza kuwa la wakala tu; kampuni ya bima iliyo nyuma yake ndiyo itakayolipa. Hakikisha ina leseni kwa mdhibiti wa bima, na leseni inahusu aina hii ya bima. Uliza muda unaanza lini, kwani miaka kumi tangu cheti cha kukamilika si sawa na miaka kumi tangu kusaini. Uliza kama dhamana huhama na nyumba ukiiuza. Na kama unajenga kwa mkopo, muulize mkopeshaji kwa maandishi anakubali dhamana zipi, kabla hujalipia.

Kwa aliyekwisha jenga, dhamana za baada ya ujenzi zipo. Huwa ghali zaidi, zina vilivyotengwa vingi, na mkaguzi anaweza kutaka kutoboa na kufukua kama alivyofanya kwangu. Zitafute hata hivyo ikiwa una picha, vipimo vya zege na ripoti za mhandisi. Hizo ndizo zilizoniokoa: kona iliyorekebishwa ilikuwa na ripoti ya kila kipande, tarehe na kina, na kampuni ikakubali kuibeba bila sharti la ziada. Sehemu iliyonisumbua zaidi wakati wa mazungumzo ilikuwa ile isiyo na kasoro, ambayo hatukuwa na picha yake.

Baada ya kuhamia

Nyumba mpya hukauka na kutulia juu ya udongo wake. Nyufa nyembamba kwenye lipu mwaka wa kwanza ni za kawaida, na zilizo chini ya milimita 1 kwa kawaida huzibwa tu wakati wa kupaka rangi. Zinazohitaji mhandisi ni zinazoendelea kupanuka, zinazopita ukuta mzima hadi nje, zinazokwenda mshazari kutoka pembe za madirisha na milango zikiwa pana upande mmoja, na zinazoambatana na mlango ulioanza kugoma. Zikifika milimita 5, usisubiri.

Karibu kila dhamana ina muda wa kutoa taarifa baada ya kuona kasoro. Soma siku ngapi, na taarifa iwe ya maandishi. Usianze kutengeneza kabla hawajaja kuona, isipokuwa kuzuia hatari, na hapo piga picha kwanza.

Ufa wangu mmoja uko juu ya dirisha la chumba cha mtoto. Nimechora kwa penseli mstari mdogo kila mwisho wa ufa, na tarehe pembeni. Kila baada ya miezi mitatu naupima kwa kadi ya plastiki yenye mistari ya unene, naandika. Tangu mwaka wa pili penseli hazijasogea.